Mstari Uliofunikwa kwa Rangi Nyeusi

Kila Jumamosi asubuhi kazi yangu ilikuwa kufua ovaroli ya Baba. Mama alifua nguo nyingine zote, lakini ovaroli ile aliniachia mimi nilipofikisha miaka kumi na moja, akidai kwamba mgongo wake umeigomea. Baba alikuwa msimamizi wa wachora mistari katika uwanja wa ndege ulio nyuma ya mtaa wetu. Nilijua kazi zake za wiki nzima kwa kutazama madoa. Doa jeupe ni njia ya kurukia ndege, doa la njano ni njia ndogo zinazoingia huko.

Mwaka ule vilikuja viwango vipya vya usalama, na Baba akawa hana wimbo mwingine. Jioni moja alichukua chaki, akachora uwanja mzima kwenye sakafu ya sebule.

"Hapa ndege inatua," alisema. "Na huu ni mstari wa kusubiri. Ndege au gari likifika hapa, linasimama mpaka mnara wa waongoza ndege utoe ruhusa. Zamani mstari ulikuwa mita arobaini kutoka katikati ya njia. Sasa ni mita sabini na tano."

"Mbona mbali hivyo?" niliuliza.

"Ndege ikiteleza, isimkute mtu."

"Baba yako ameoa mke wa pili, jina lake Mstari," alisema Mama. "Sasa sakafu yangu atapiga deki nani, yeye au huyo bibi mdogo?"

Tulicheka. Baba akaendelea, maana akianza habari za kazi hakamatiki. Alisema mstari wa zamani lazima ukwanguliwe kwa mashine mpaka lami ibaki tupu. Kuufunika kwa rangi nyeusi ni marufuku. Jua likiwaka utadhani haupo, lakini lami ikilowa tu, mstari wa chini unajitokeza.

Jumamosi iliyofuata niliikuta ovaroli ina madoa meusi mapajani.

"Baba, hii rangi nyeusi ni ya nini?"

Alikwepa macho yangu. "Mashine imetufia tukiwa tumebakiza mstari mmoja, ule wa njia ya trekta. Wakaguzi walikuwa wanakuja jana. Nimeufunika tu, mama. Jumatatu fundi akija, tunaukwangua."

Jumatatu fundi hakuja. Ya pili yake hakuja, wala ya tatu. Wakaguzi walikwisha kutia saini, wakubwa wakampongeza Baba, na mstari ule ukasahauliwa.

Shuleni niliketi dawati moja na rafiki yangu tuliyemwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Baba yake aliendesha trekta la kukata nyasi uwanjani kwa miaka kumi na sita. Nilimwita Mjomba, ingawa hatukuwa ndugu wa damu. Kila akitukuta njiani alikuwa na mzaha mpya, na mizaha yake mingi haikuchekesha, ila yeye mwenyewe alicheka mpaka ukacheka.

Jumatano moja mvua ilinyesha tangu alfajiri. Tulikuwa kwenye hesabu tuliposikia kishindo, kisha ving'ora. Mnara ulikuwa umemwambia Mjomba asubiri kwenye mstari. Ndege ndogo ikatua, ikateleza kwenye maji, ikatoka nje ya njia, bawa lake likaligonga trekta. Abiria wote walishuka salama. Mjomba alifariki palepale.

Wachunguzi walikuja siku ya nne, baada ya mazishi, jua likiwaka na lami ikiwa kavu. Waliona mstari mmoja tu, ule mpya, na trekta lilikuwa limeupita kwa mita thelathini na tano. Wakaandika kwamba dereva aliupita kwa uzembe. Habari hiyo ilipofika mtaani ikaota mabawa. Wa kwanza alisema Mjomba alisinzia, wa pili akasema alikuwa amelewa.

Darasani mtu mmoja alimuuliza Kasuku kama ni kweli baba yake alikuwa mlevi. Kasuku, aliyekuwa na jibu la kila kitu, alilaza kichwa juu ya dawati akalia bila sauti. Mimi nilikuwa karibu yake, begani kwake kabisa, na nilijua. Nikinyamaza, Mjomba angebaki mlevi milele. Nikisema, baba yangu mwenyewe angeangamia. Nilinyamaza siku tano, na siku zote tano nilijichukia.

Siku ya sita tulikuwa mezani. Baba alikuwa hajala.

"Baba," nilisema, "ule mstari mliukwangua?"

"Mstari gani?" aliuliza Mama.

Baba alifunika uso kwa viganja. "Kila asubuhi naondoka hapa nikisema leo nitawaambia. Nikiwafikiria nyinyi, ulimi unakuwa mzito."

"Mimi nakaa naye dawati moja, Baba. Siwezi hata kumtazama."

Mama alilia. Asubuhi yake Baba alikwenda kwa mkuu wa uwanja, akasema yote. Mchunguzi mmoja aliitwa tena, na Baba akaomba mjane wa Mjomba na Kasuku waitwe pia. Mimi nilikwenda naye. Tulivalishwa vizibao vinavyong'aa, tukapelekwa kwenye njia ya trekta.

Baba alibeba ndoo ya maji kwa mikono yake, akaimwaga juu ya lami. Mwanzoni yalikuwa maji tu. Kisha mstari ukajitokeza polepole, mnyoofu, kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili.

"Hapa ndipo alipokuwa akisimama miaka yote," alisema Baba. "Siku ile aliona mistari miwili, akaufuata anaoujua. Hakusinzia wala hakulewa. Aliambiwa asubiri kwenye mstari, akasubiri kwenye mstari. Kosa ni langu: mashine ilikufa, nikaufunika kwa rangi nikimngoja fundi wa Jumatatu, naye hakuja."

Mchunguzi alichuchumaa, akagusa lami, akaandika kwa muda mrefu. Wiki ileile ripoti ilibadilishwa na mstari ukakwanguliwa. Ikaamriwa kwamba mkaguzi asitie saini tena kabla ya kumwagia maji kila mahali palipofutwa. Baba alisimamishwa kazi.

Lakini siku ile pale uwanjani hatukuondoka mara moja.

"Shemeji, nisamehe," Baba alisema.

Mjane aliutazama mstari. "Fundi ulimngoja Jumatatu ngapi?"

"Tatu."

"Jumatatu yoyote kati ya hizo ungesema, shemeji, leo ningekuwa na mume."

Kasuku akanigeukia. "Na wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu wachunguzi walipoandika kwamba aliupita mstari."

Alihamia upande wa pili wa mama yake. Mjane alituita mimi na Kasuku, akatushika mikono.

"Nisikilizeni, wanangu. Kosa ni la kusemwa siku lilipotendwa, wakati bado linarekebishika. Nashukuru, wewe na baba yako mmenirudishia jina la mume wangu. Yeye mwenyewe hamwezi kunirudishia."