Paa la Seline

Ukumbi ulijaa hadi madirishani siku ile ya mwaka 1997 mjini Kisumu. Seline, mpiga taipu katika ofisi moja ya Kondele, alisukumwa na umati hadi akamkanyaga wakili Khaemba kiatu kipya.

"Pole, Bwana."

"Kanyaga na cha pili, jaber, kisione wivu."

Seline, mjane wa miaka miwili katika gauni la buluu lililopauka, alicheka bila kutaka kwa kuitwa mrembo kwa Kijaluo. Kumbe bado alijua kucheka!

Swali la mkutano lilikuwa moja: sheria zibadilishwe na Bunge kabla ya uchaguzi, au Katiba ipelekwe kwa wananchi wote waipigie kura?

"Katiba ni ya wote," Khaemba alinguruma jukwaani. "Waamue wote, hata ikichukua miaka kumi!"

Makofi yakalipuka. Seline hakupiga. Shemeji yake Zadock alitaka kumrithi awe mkewe, na Katiba iliziacha mila hizo zilivyo. Nyumba yake kule Dunga ilivuja, wala hakuna fundi aliyethubutu kupanda, maana kwa mila yao anayeziba paa la mjane ndiye mume. "Nikubali, nizibe," Zadock alimwambia kila mvua ilipopiga.

Hakumsimulia Khaemba hayo, hata walipopendana baada ya mkutano ule. Aliona haya, na penzi lilikuwa changa. Kila adhuhuri simu ya ofisini ililia.

"Jaber, umekula?"

"Nimekula samaki, ngege mzima. Wewe umekula vifungu vya sheria?"

"Nimevimaliza. Sasa nina njaa ya sauti yako."

Kisha Khaemba akamletea maoni yake kuhusu Katiba ayapige taipu. Ukurasa wa tatu, vidole vya Seline vikaganda: "Mila za urithi zisiguswe na Bunge, zingoje kura ya wananchi." Akampigia simu.

"Kifungu hiki cha mila, unajua unayemfungia ndani ni nani?"

"Ni kanuni, mpenzi. Bunge likizoea njia ya mkato..."

"Mimi ni mjane wa kurithiwa, Khaemba! Paa langu linavuja, na mwenye ruhusa ya kuliziba ni Zadock tu! Zadock atangoja kura yako?"

Akakata simu. Wiki tatu hakupokea, ingawa kila ilipolia moyo ulimuuma.

Jumamosi moja asubuhi alirudi kutoka sokoni akasikia nyundo. Khaemba alikuwa juu ya mabati yake, tai mfukoni, shati limelowa jasho. Dunga nzima ilikuwa uani, na alipoingia tu, Zadock akasimama langoni, akaziba njia ya kutoka.

"Mwambie ashuke, shemeji! Hii boma ni ya ndugu yangu!"

"Yawa, Khaemba!" Seline akapaza sauti. "Unajua unachofanya?"

"Najua. Nimeuliza wazee wawili na mama muuza samaki."

"Si ulisema tungoje watu wote?"

"Katiba ni ya wote, hapo sijabadilika. Lakini paa hili ni lako, na mpiga kura ni wewe peke yako. Nishuke au nimalize?"

Seline alimtazama Zadock, akalitazama lango alilolifunga kwa mwili wake.

Akaokota kopo la misumari, akapanda ngazi.