Mshale Ukigusa Themanini

Sogeeni karibu, wote. Aliyesimama mlangoni aingie au atoke, asining'inie hapo kama pazia. Zimeni na hiyo redio. Nataka kimya cha watu waliomeza mate, maana jambo hili sina nguvu ya kulisema mara mbili. Na wala halikutokea usiku, kama mnavyopenda hadithi zenu. Lilitokea jua likiwaka, kwenye lami ya barabara kuu, na mimi nilikuwa ndani ya gari.

Ndugu yangu niliyemwachia ziwa alikuwa fundi wa magari. Watu walimwita Kidole. Ukimpelekea gari hakuwa na maswali mengi. Aliweka ncha za vidole juu ya usukani, akaendesha hadi mwisho wa mtaa na kurudi, kisha akakwambia: beringi ya kulia imekufa. Au: breki zimeisha. Au, kama hakukupenda: gari zima kabisa, anayeumwa ni dereva. Alikuwa na sheria moja tu, na aliishika kama wengine wanavyoshika dini. Gari lenye ugonjwa usiojulikana haliendeshwi. Likitikisika unasimama, unashuka, unaangalia.

Mke wake, wifi yangu wa pili, alikuwa mwanamke wa vicheko. Hata figo zilipogoma alicheka. "Wifi," aliniambia, "hizi figo zimechoka kunisikiliza, zimenuna." Lakini figo hazina utani. Daktari alisema mara tatu kwa wiki aunganishwe na mashine ya kusafisha damu, kwenye hospitali kubwa, mwendo wa saa mbili kama unakimbia. Kiti chake kilikuwa cha saa nne asubuhi. Ukichelewa nusu saa anapewa mwingine, maana foleni ya wanaotaka kuishi ni ndefu.

Kidole akatafuta gari dogo jeupe, limetumika lakini limetunzwa. Alilikagua siku nne. Lilikuwa zima.

Jumatatu ya kwanza wakaondoka wawili. Mshale wa mwendo ulipogusa themanini, usukani ukaanza kutetemeka. Kidogo, alivyonisimulia, kama mtu mwenye baridi. Akapunguza mwendo, ukatulia. Akaongeza, ukarudi. Akasimama, akashuka, akaangalia. Hakuona kitu. Walifika saa nne na robo, muuguzi akiwa ameshaanza kutazama saa ya ukutani.

Alasiri ile alilipeleka kwa jirani yake wa karakana, mzee wa matairi tuliyemwita Upepo. Mimi nilikuwapo, nimewapelekea chai.

"Kidole mzima unaletwa na tairi?" Upepo alimcheka. "Leo nitawasimulia wajukuu."

"Balansi hayo magurudumu, mzee, uache domo."

Upepo akayazungusha moja moja kwenye mashine yake, akagonga vipande vya risasi pembeni mwa rimu pale palipokuwa pepesi, mpaka mashine ikasoma sifuri kote. Kidole akalijaribu gari peke yake. Mia na ishirini, na usukani umetulia kama maji mtungini.

Jumatano akampakia mkewe. Themanini. Ukatetemeka.

Basi akaanza kulitibu kama mgonjwa. Alinieleza hata mimi nisiyetofautisha spana na kijiko. Gari likitikisika ukikanyaga breki, ni diski za breki. Likitikisika kwenye kiti, ni magurudumu ya nyuma. Likitikisika mikononi, ni ya mbele. Akahamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Kama ni tairi, alisema, mtetemeko utahamia kwenye kiti. Haukuhama. Akabadilisha beringi, akabadilisha vyuma vyote vinavyoshika magurudumu na usukani. Akafunga matairi mapya manne. Akiwa peke yake, gari lilikwenda kama hariri. Akiingia mkewe, mtetemeko mikononi.

"Labda ni uzito wake," alisema.

"Fundi," wifi alimjibu, "nimekonda hivi, halafu bado unanitukana."

Walicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kuwasikia wakicheka pamoja.

Siku iliyofuata nilikaa mimi pale alipokaa mkewe. Mimi mnaniona, sijawahi kukonda. Tulikimbia hadi mia na kumi. Kimya. Nilimtazama ndugu yangu usoni nikaona jasho linamtiririka, na madirisha yalikuwa wazi.

Wakaamua kuondoka mapema, waende polepole. Ukatetemeka kwenye sabini. Wakaondoka mapema zaidi. Ukatetemeka kwenye sitini. Wakakodi teksi, nikamsindikiza wifi mimi, Kidole akabaki nyumbani. Nusu ya njia dereva akaegesha pembeni, akafungua mlango bila kututazama. "Mama zangu, nisameheni. Gari langu lilikuwa zima mpaka mlipoingia."

Siku hiyo alikosa kiti. Na Jumatatu iliyofuata akakosa tena.

Mtu akikosa mashine ile, maji yanabaki mwilini. Miguu yake ilivimba mpaka ngozi ikang'aa. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Alilala ameketi, maana akijinyoosha anazama kwa ndani. Tukapiga simu kuomba gari la wagonjwa. Wakasema liko moja, na liko mbali. Daktari naye akasema kwa simu, akikosa mara ya tatu, msimlete kwangu.

Jumanne ile nilimkuta ndugu yangu chini ya gari. Amefungua gurudumu la mbele, kushoto. Alinyoosha mkono akanionyesha ndani ya rimu.

Tope.

Bonge la tope jekundu, kubwa kama ngumi, limeganda upande wa ndani. Bichi. Linanuka mvua. Na wakati huo, wajukuu zangu, mvua hatukuiona kwa miezi mitano, na gari lile halikuwahi kutoka kwenye lami.

"Hii ni mara ya nne, dada," alinong'ona. "Nalisafisha. Tukirudi, limo."

Niliinama nikaangalia vizuri. Tope lilikuwa na alama za vidole. Lilikuwa limekandamizwa mle kwa mkono.

Hapo ndipo nilipokaa chini kwenye mafuta machafu. Maana tope lile nililijua.

Miaka kumi na miwili kabla, ndugu yangu alikuwa na mke mwingine. Wifi yangu wa kwanza. Uchungu wa mimba ya kwanza ulimshika wakati wa masika, mtoto amekaa vibaya, mkunga akasema mpelekeni mjini sasa hivi. Kidole alikuwa na gari la zamani. Mimi nilikaa kiti cha nyuma, kichwa cha wifi mapajani mwangu. Tulipoingia barabara kuu akakanyaga mafuta. Themanini. Usukani ukatetemeka.

Akasimama.

Akashuka. Akapiga jeki, akafungua gurudumu. Alikagua nati, akakagua beringi, akalala chini kwenye maji kukagua vyuma. Gari lenye ugonjwa usiojulikana haliendeshwi. Wifi alinivuta kwa ukosi wa gauni, akaninong'oneza: "Mwambie twende."

Sikumwambia. Yeye ndiye fundi, nilijisemea. Anajua anachofanya.

Robo tatu ya saa. Kisha nikamsikia anacheka huko nje, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Tope tu, dada. Tope limeganda kwenye rimu, basi." Alifungua mlango mikono ikiwa myekundu hadi kwenye viwiko, anatabasamu. Mkewe alikuwa ameshakata kauli. Na mtoto aliyekuwa akipigapiga tumboni, nilimhisi kwa kiganja changu anapunguza. Anapunguza. Akaacha.

Hatukuwahi kulitaja, mimi na yeye. Siku ile chini ya gari tulitazamana tu.

"Anataka nisimame tena," alisema.

Jumatano asubuhi wifi hakuweza kutembea. Tulimbeba kwa shuka. Nikakaa kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu. Nilipogundua nimekaa vile vile, nilitaka kushuka. Nani angemshika?

Jua lilikuwa kali. Barabara nyeupe kwa mwanga. Wifi alipumua kama mtu anayenywa uji wa moto, kwa vipande vipande. Midomo imegeuka rangi.

Hamsini. Sitini. Usukani ukaanza.

Nikaona mabega ya ndugu yangu yanatikisika. Akaongeza. Sabini. Kioo cha mbele kikalia. Nati zilianza kugonga chini yetu, ko, ko, ko, na hakuna fundi duniani anayesikia sauti hiyo akaendelea. Mguu wake ukaacha mafuta. Gari likapungua. Niliona mkono wake unakwenda kwenye taa ya kuegesha.

Wifi alinivuta ukosi.

Hakuwa na pumzi ya kusema. Alinivuta tu.

"Usisimame," nilimwambia ndugu yangu.

"Dada, gurudumu linachomoka."

"Lichomoke. Usisimame."

Akakanyaga. Themanini. Mlango wa kushoto ulianza kufunguka na kujifunga. Harufu ya mvua ikajaa ndani ya gari, nzito, ya udongo uliolowa. Nje vumbi tupu. Tisini. Aliung'ang'ania usukani kama mtu anayemshika ng'ombe pembe. Mia. Nikamsikia analia, na ndani ya kilio chake anasema na mtu. "Nilidhani nakuokoa. Nilidhani nakuokoa wewe." Mara ngapi sijui.

Kisha akanyamaza. Akasema polepole sana:

"Dada, toa mikono yako kwenye usukani."

Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika kichwa cha wifi.

Nilifumba macho. Sikufumbua mpaka gari liliposimama na nikasikia magurudumu ya kitanda cha hospitali.

Tulifika saa nne kasoro dakika sita. Wauguzi wakamchukua mbio, wakamlaza, wakamfunga mashine. Akaishi. Nalisema mapema mshushe pumzi, maana habari zilizobaki haziishushi.

Mimi nilirudi garini. Kidole hakuwa ameshuka. Mlinzi wa geti alikuwa amesimama dirishani kwake, kofia mkononi.

"Mzee, zima gari," alisema.

"Nimezima."

"Usukani unatetemeka, mzee."

"Nimezima," alisema ndugu yangu, na akanitazama.

Funguo nilikuwa nazo mimi. Alinipa mwenyewe tulipomshusha mgonjwa, kisha akaushika usukani tena. Mlinzi aliziona mkononi mwangu, akarudi nyuma hatua tatu, akakumbuka ana kazi kule getini.

Ilibidi nimbandue vidole kimoja kimoja. Nilipobandua cha mwisho, usukani ukatulia. Mikono yake haikutulia.

Haikutulia tena kamwe. Kuanzia siku ile ilitetemeka, mchana na usiku, mtetemeko ule ule, kidogo, kama mtu mwenye baridi. Hakuweza kushika spana. Hakuweza kushika kikombe. Mkewe alimlisha kwa kijiko, yule yule aliyebebwa kwa shuka. Gari jeupe halikutikisika tena, wala teksi, wala basi. Miaka minne baadaye ndugu yangu alikufa kitandani kwake. Waliomwosha waliniita pembeni. Walisema mwili ulikuwa umeshapoa, na mikono bado inatetemeka.

Urithi wake ukagawanywa bila ugomvi. Nyumba na gari jeupe alirithi mkewe, na anajiendesha mwenyewe kwenda kwenye mashine yake hadi leo, anakimbia kuliko vijana. Spana zote na jeki alirithi Upepo, ambaye alilia kama mtoto akizipanga. Saa ya mkononi alirithi binamu yetu wa mjini.

Mimi nilirithi shati.

Lile la kijivu alilovaa Jumatano ile. Nililivua mimi mwenyewe jioni yake, kwa sababu vifungo vilimshinda, na sikumwonyesha mtu. Mikono yote miwili ya shati, hapa chini karibu na kiwiko, ina alama ya kiganja cha mwanamke, ya tope jekundu. Nimelifua kwa sabuni ya unga, kwa magadi, kwa dawa ya kutoa madoa. Haziondoki. Na mgongoni, katikati ya mabega, mahali palipokuwa pameegemea kiti njia nzima, kuna alama ya tatu. Kiganja pia. Siku ile kilikuwa kidogo kama cha mtoto aliyezaliwa leo.

Sasa ni miaka tisa tangu Jumatano ile. Juzi nililitoa sandukuni, nikalitandaza kitandani, nikamwita huyu mjukuu wangu wa darasa la nne aweke mkono wake juu ya ile alama ya mgongoni, sikumwambia ni kwa nini.

Mkono wake ulitoshana nayo. Mwakani kile kiganja cha shatini kitakuwa kikubwa kuliko chake.