Suruali ya Kusimamia

Fundi alikuwa mshonaji wa suruali, na kwa suruali alijivuna kupita kiasi. Gari lilimgonga akaumia uti wa mgongo, na tangu hapo, mwaka mzima, alishonea kwenye kiti cha magurudumu. Kikanyagio cha cherehani alikipandisha mezani, akakibonyeza kwa kiwiko.

Siku moja hospitali ikamwita aanze mazoezi ya kutembea kwa roboti inayovaliwa. Fundi akaweka kando kazi za wateja, akajishonea suruali mpya.

"Mtaalamu wa hospitali alisema uvae nguo laini," mkewe alimkumbusha.

"Mke wangu, kwa mambo ya mavazi, mtaalamu ni mimi."

Akachagua kitambaa kigumu, akapiga mishono miwili miwili, na mifuko ya nyuma akaitia vifungo vya shaba. Alitaka akisimama, watu wajue amesimama.

Siku ya kwanza ilikuwa ya vipimo tu. Mtaalamu wa viungo, binti mpole asiyetaka mzaha kazini, alimuuliza kama nguo ni laini.

"Kama pamba," alisema Fundi, huku akivuta shati lifunike vifungo.

Binti akamfunga mikanda kiunoni na mapajani, juu ya vyuma vyenye mota.

"Kwa hiyo hiki kitanibeba?"

"Hakikubebi, baba. Miguu yako ina nguvu kidogo. Wewe utasukuma, roboti itakusaidia. Wengine hutembea tena, wengine hupata nguvu za mwili tu. Kiti chako usikigawe."

Jioni mkewe alimvua suruali. Kwenye makalio palikuwa na alama mbili za mviringo, nyeusi kuliko ngozi ya pembeni, tena zenye joto. Alizibonyeza kwa kidole, zisibadilike. Fundi hakuhisi chochote.

"Usimwambie mtu. Keshokutwa nasimama."

"Sinyamazi ng'o," alisema mkewe, akampigia mtaalamu simu.

"Asizikalie kabisa," mtaalamu alisema. "Alale ubavu, na kila baada ya saa mbili mgeuze. Mwili usiohisi maumivu haukuonyi, kwa hiyo ngozi ikaguliwe kila siku kwa macho. Alama hizo zikiwa kidonda, atalala miezi, na mazoezi basi. Keshokutwa asije. Kesho nitapita niione ngozi."

Roho ilimuuma Fundi mpaka machozi yakamtoka. Siku sita alilala ubavu, akivilaani vifungo kwa majina ambayo mkewe alimkataza kuyarudia.

Alama zilipoisha, alishona suruali nyingine. Ya kitambaa laini, pana, bila mfuko nyuma, mishono yote imegeuzwa nje.

"Nimeshona gunia," alilalamika.

Mtaalamu aliipapasa yote, kisha akaikagua ngozi kwa makini. "Wagonjwa wangu wanaihitaji hii. Utatushonea ngapi kwa wiki?"

Fundi akasahau kwamba ni gunia.

Mota zikanguruma. Alishika magongo, mtaalamu akamshikilia kwa nyuma, na mkewe akasimama mbele.

"Sukuma, baba. Usikae kama abiria."

Akasukuma. Jasho likamtiririka, na hatua ya kwanza ikatoka, kisha ya pili. Akamtazama mkewe kutoka juu.

"Mke wangu, kumbe una mvi utosini."

"Za mwaka huu," alisema mkewe, akalia huku akicheka. "Haya, tembea, usiniongezee nyingine."