Fundo la Tatu

Mimi ni fundi cherehani, uzushi sina. Haya yalimpata mdogo wangu, tena mchana kweupe, mimi nikishona mapazia mekundu sebuleni.

Alikuwa na mimba ya kwanza, haina shida yoyote. Daktari wake akamwambia, "Nakwenda likizo. Tukupasue sasa, wiki tatu mapema, umalize." Siku hizi kila jirani kapasuliwa, nani atabisha? Mama yetu angebisha. Alikuwa mkunga, na kwake mtoto alikuja siku aliyotaka mwenyewe. Vitovu alivifunga mafundo matatu, la tatu akilikaza kwa meno. Lakini mama tulishamzika.

Mtoto akatolewa, wa kike. Ila hakulia. Hospitali walimpima, wakasema hana kasoro. Nyumbani alilala macho wazi, ziwa hashiki, maziwa tunamdondoshea kwa kijiko. Kitovu kikakauka, kikadondoka. Kila siku anakonda.

"Dada, atatufia," mdogo wangu akaninong'oneza. "Huyu bado hajafika."

"Acha uchuro wewe!" nikamwambia, na mimi mwenyewe naogopa.

Ikafika tarehe ileile iliyoandikwa kliniki kuwa ndiyo ya kujifungua. Baada ya chakula cha mchana akashika kiuno. Nikadhani ni mshono. Akapiga magoti mkekani, akauma kanga. Uchungu! Ukapoa, ukarudi. Nikamwekea mkono tumboni. Lilikuwa gumu. Kitu kikanipiga teke.

Nilitaka kukimbia, sifichi. Nikamshika mkono. Nyuma yangu cherehani ikaanza kuzunguka. Hakuna aliyeikanyaga.

"Ananishika mgongo," mdogo wangu akanong'ona. "Mikono ni ya mama."

Akasukuma. Mara moja. Mara mbili. Tumbo likalegea. Cherehani ikasimama. Nikatazama mkeka: mkavu. Hakuna damu. Hakuna kitu.

Chumbani, mtoto akalia.

Alilia kwa hasira, kama mtu mwenye njaa ya wiki tatu. Tukambeba, akalishika ziwa, akanyonya mpaka akatoka jasho. Jamani, tulilia wote watatu.

Kisha nikamfungua nepi. Kitovu kilikuwa kibichi tena, kimefungwa kwa uzi mwekundu. Nikageuka kuangalia cherehani yangu. Uzi ulikuwa umekatwa.

Nikahesabu mafundo. Matatu. Nikaligusa la tatu kwa kidole.

Lilikuwa bado na mate.