Mlango wa Maji katika Gari la Jaku

Watu wa Mangapwani wakitoka msikitini alfajiri, walilisikia gari la Jaku. Lilikohoa. Likanyamaza. Likakohoa tena, kisha likanguruma. Lilikuwa gari kuukuu lenye bodi la mbao na mabenchi ndani. Juu ya paa walipakia mihogo, ndizi na matenga ya kuku. Kila siku Jaku aliwapeleka watu sokoni mjini, na alasiri akawarudisha.

Mwaka ule wa 1968 gari lilikuwa linaumwa. Likifika kwenye kilima kabla ya Bububu, maji ya injini huchemka. Abiria huteremka wakakaa kando ya barabara mpaka lipoe. Fundi mmoja wa njiani alifungua injini, akatoa kidude cha shaba, kiasi cha kikombe cha kahawa.

"Hii inaitwa thamostati," alisema. "Inaziba maji tu. Kaa bila ya hii, utastarehe."

Jaku alikitia kile kidude chini ya kiti, akaondoka. Lakini hakustarehe. Asubuhi injini ilikaa baridi muda mrefu. Ilikosa nguvu, na petroli ilikwisha upesi. Jua likipanda na watu wakijaa, gari lilichemka vilevile.

Jaku alikuwa na mke, jina lake Tabia. Mdogo wake Tabia, Mwanakheir, alikuwa mja mzito. Siku moja alishikwa na uchungu. Mkunga wa kijiji alimpapasa tumbo, akatikisa kichwa.

"Mtoto kakaa vibaya," alisema. "Mpelekeni spitali sasa hivi."

Walimlaza Mwanakheir kwenye benchi, Tabia akampakata kichwa. Jaku akaliendesha gari mbio. Walipofika kwenye kile kilima, mvuke ulitoka mbele ya gari. Injini ikazimika.

"Jaku!" Tabia alipiga kelele. "Mdogo wangu atakufa hapa!"

Jaku aliruka chini. Alikishika kifuniko cha rejeta, lile sanduku la kupozea maji, akakizungusha. Maji ya moto yalimrukia mkono mzima. Alianguka magotini. Tabia alishuka na birika la maji ya kunywa, akammiminia mkononi polepole. Ndani ya gari Mwanakheir alikuwa akilia.

Mungu si Athumani. Lori lililobeba mawe lilitokea nyuma yao. Dereva akawachukua Mwanakheir na Tabia, akawafikisha spitali. Adhuhuri Mwanakheir akajifungua mtoto wa kike. Mama na mwana walikuwa wazima.

Jaku alipokwenda kuwaangalia, mkono wake umefungwa bandeji, Tabia alimwambia, "Leo Mungu katustiri, mume wangu. Je, siku nyengine?"

"Hakuna siku nyengine," Jaku alijibu. "Sipakii mtu tena mpaka gari lile lipone."

Kesho yake alikuja Shaame, mfanyabiashara wa kijijini.

"Bwana Jaku, nina harusi. Nnataka unipelekee wageni mjini."

"Gari halendi, Bwana Shaame."

"Si linawaka? Likichemka tutangoja. Tushazoea."

"Ninyi mmezoea. Mimi siwezi tena."

Shaame aliondoka amekasirika. Jaku naye aliingia garini, akaliendesha tupu, taratibu, akipumzika njiani, mpaka kwenye karakana ya fundi Matar, Gulioni, mjini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umefanywa nini mkono?"

Jaku alimweleza yote. Matar akasikiliza, kisha akasema, "Kwanza, injini ikichemka, kifuniko usikiguse. Zima, ngoja ipoe kabisa. Maji yale yana nguvu, yakipata upenyo yanaruka. Haya, niambie, maji ya gari unateka wapi?"

"Kisimani kwetu."

Matar aliifungua rejeta, akaingiza waya. Ukatoka na magamba meupe.

"Unayaona? Haya ndiyo yale yanayoganda ndani ya birika la chai. Maji ya visima vyetu yana chokaa, kwa sababu yanapita kwenye mawe ya matumbawe. Njia za rejeta zimeziba nusu. Maji hayapiti vizuri, basi hayapoi."

"Na thamostati?"

"Ile ni mlango. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa, maji yanabaki ndani, injini inapata joto upesi. Ikishapata joto la kutosha, mlango unafunguka, maji yanakwenda kupoa. Ukiutoa, injini inakaa baridi mno, inakula petroli, inachakaa mbele ya wakati wake. Ile ya zamani unayo?"

Jaku aliitoa chini ya kiti. Matar akateleka sufuria ya maji kwenye seredani. Akaifunga thamostati kwa uzi, akaining'iniza ndani ya maji bila ya kugusa chini. Maji yakapata moto, yakachemka. Mlango haukufunguka.

"Imekufa," alisema Matar. "Fundi wako hakukosea kuitoa. Alikosea kukuacha bila ya mpya."

"Basi nitilie ile kali kuliko zote!"

Matar akacheka. Akaweka mbili mezani. Moja iliandikwa 165, nyengine 190.

"Nambari hizi ni joto la kufungukia, kwa kipimo cha Farenhaiti; maji huchemka kwenye 212. Hii ya 190 ni ya magari mapya. Vifuniko vya rejeta zao vina springi, vinabana mvuke, basi maji yao huchelewa kuchemka. Kifuniko chako hakibani kitu. Nikikutilia hii, mlango utafunguka maji yamekaribia kuchemka. Wako ni huu wa 165. Lakini usiniamini kwa maneno."

Wakaitia ile ya 165 katika maji mapya, pamoja na kipima joto. Jaku aliinama, jasho linamtiririka. Joto lilipokaribia nambari ile, mlango ukaanza kujiinua, taratibu. Matar akaitoa. Ilipopoa, ukajifunga wenyewe.

"Subhanallah," alisema Jaku. "Nitilie hiyo."

Waliisafisha rejeta mpaka maji yakatoka safi kabisa. Walipokuwa wakifunga, Matar alimwonyesha: upande wa thamostati wenye springi huelekea kwenye injini. Ukigeuzwa, kazi yote bure.

Nyumbani Tabia aliweka pipa chini ya mchirizi wa paa la bati. "Maji haya ni ya mvua, hayana chokaa," aliwaambia majirani. "Ya gari. Asiyachote mtu."

Jaku alilijaribu gari tupu, kisha na magunia. Aliporidhika, aliwaita abiria.

Siku hiyo gari lilijaa mpaka mlangoni. Jua lilikuwa kali. Walipanda kilima mpaka juu. Jaku akasimamisha gari, akashuka. Akasikiliza. Hakuna mvuke. Hakuna mchemko. Injini ilikuwa inanguruma sawasawa.

"Jaku!" Bi Kazija, muuza ndizi, alitoa kichwa nje. "Kwani limeharibika?"

"Halijaharibika, Bi Kazija."

"Sasa umesimamia nini? Soko litatukimbia! Twende zetu!"

Abiria wote wakaanza kumpigia kelele. Jaku akapanda, akatia gia, akawapeleka mjini.