Nilimfundisha Mume Wangu Kuua Utando

Nina miaka thelathini na minne na mtoto mmoja wa kike, Salma. Naishi Ngokolo, Shinyanga mjini, katika vyumba viwili ambavyo sasa navipanga peke yangu. Kuna wakati nisingeweza kuyasimulia haya bila kulia. Leo naweza, ndiyo maana nawaandikia.

Kazi yangu ni ya maabara. Nawaomba mnivumilie niieleze kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa nilichopoteza.

Natengeneza utando. Ni kitu chembamba kama mfuko wa nailoni, kimetokana na polima, jamii ileile ya plastiki. Unakaa katikati ya kifaa cha kuzalisha umeme. Upande mmoja inaingia gesi ya hidrojeni, upande wa pili hewa ya kawaida. Utando unaruhusu chembe ndogo mno za hidrojeni zipite, vingine unavizuia. Umeme unapatikana, na kinachotoka ni maji tu. Hakuna moshi wala kelele.

Sasa fikirieni duara la dhahabu kule Nyarugusu, shimo refu ambalo ukichungulia unaona giza. Watu wamo ndani wanachimba. Juu yao inanguruma jenereta ya dizeli, inaendesha feni ya kuwapelekea hewa. Upepo ukigeuka, moshi wa jenereta hiyohiyo unashuka kwao. Kaka yangu alifanya kazi humo... kifua chake hakijapona hadi leo. Ndiyo maana niliupenda ule utando kana kwamba ni mtu.

Idrisa, mume wangu, aliliona hilo.

Yeye alikuwa broka, yaani dalali, wa almasi kule Maganzo. Mchimbaji analeta jiwe, Idrisa anatoa lenzi yake, analigeuza juani, anatafuta doa. Alishinda akitafuta doa, na lenzi ilining'inia shingoni hata siku za mapumziko. Tulipooana nilimtania, nikamuuliza kama hata mimi alinitazama kwa lenzi. Akajibu, "Nilikutazama vizuri sana. Nilipokosa doa nikaleta posa."

Nilicheka. Sikujua kwamba alikuwa hajamaliza kutazama.

Balaa lilianza alipokuja Daktari Kulwa kusimamia mradi wetu. Ni mtu mchangamfu, wa rika letu, anayeita kila mtu kwa utani. Siku moja Idrisa alinifuata kazini kwa pikipiki akatukuta getini tunacheka. Tulipofika nyumbani akauliza, "Huyo Kulwa wako hana mke?"

"Anaye, Baba Salma. Na watoto watatu."

"Basi heri. Kati yenu kuna mmoja anayekumbuka kwamba ana ndoa."

Tangu hapo nyumba ikawa nzito. Alipiga simu mchana kusikiliza nani anaongea nyuma yangu. Nilipopika akasukuma sahani, "Mpelekee Kulwa." Kilichoniuma zaidi ni kumsikia akimuuliza mtoto, kwa sauti ya upole kabisa, mama leo alirudi na nani... Ningekuwa na hatia ningejua pa kutubu. Lakini unajisafishaje na jambo ambalo hukulifanya?

Nikafanya kosa ambalo wengi wetu tunalifanya. Nikaanza kujipunguza. Niliacha kucheka kazini. Niliacha kuchelewa. Tando zetu hukaa ndani ya chupa ya maji, na maji hayo hubadilishwa kila jioni. Basi nikamwomba Daktari Kulwa niwe naenda na chupa yangu nyumbani, pamoja na dumu la maji ya maabara yaliyosafishwa, ili Idrisa anione niko kwake. Chupa ikakaa kwenye friji, pembeni ya maziwa ya Salma.

Na kweli, akalainika. Jioni alivuta kigoda jikoni akanitazama nikifanya kazi. Akaanza kuuliza maswali. Jamani, nilivyofurahi! Mimi ni mtu wa kueleza, ndivyo nilivyoumbwa. Nilimwambia utando ukikauka unajikunja kama michembe, vile vipande vya viazi vinavyoanikwa juani. Akauliza kwa nini nahangaika na dumu wakati bomba lipo.

Nikamfunulia birika letu la chai, nikamwonyesha ule ukoko mweupe ndani. "Bomba letu linaleta maji ya kisima, na hii ni chumvichumvi yake. Ikiingia kwenye utando inakalia nafasi za hidrojeni. Hidrojeni ikija inakuta viti vimejaa. Umeme hakuna."

Idrisa akavua lenzi, akautazama utando ndani ya chupa kwa muda mrefu. "Na ukiharibika hivyo, unaonekana?"

"Hauonekani. Hata kwa lenzi yako. Ni kuupima tu ndiyo utajua."

"Kumbe," akasema, akafuta lenzi kwa ncha ya shati.

Wakati huo ilikuwa imetangazwa nafasi moja ya masomo nje ya nchi. Tulioshindania ni mimi na Sada, binti niliyemfundisha kazi tangu alipoajiriwa. Utando utakaoendesha feni ya duara kule Nyarugusu kutwa nzima, aliyeutengeneza ndiye angekwenda. Nilipomweleza Idrisa, alinipa mkono. "Hongera, Mama Salma." Kisha, kana kwamba ni swali la kupitisha muda, akauliza kama Kulwa naye atakwenda. Sikumficha. Nikasema atamsindikiza atakayeshinda, majuma ya mwanzo tu.

Hakugomba. Nikadhani amekua...

Siku ya jaribio tuliondoka alfajiri, nikafunga utando wangu kwenye kifaa palepale mgodini. Wageni waliokuja kushuhudia walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki. Mama Shija, mwenye duara, akazima jenereta yake. Pakawa kimya, hata tukawasikia wachimbaji wakiongea chini kule. Feni ikaanza kuzunguka. Mama Shija akanishika bega, akasema, "Wabeja, mwanangu." Ndivyo Wasukuma tunavyoshukuru. Nikamfikiria kaka yangu.

Kisha feni ikapunguza mwendo. Nikaongeza gesi. Ikazidi kupunguza. Nikakagua kila bomba, kila kiungio. Ikasimama.

Mchimbaji mmoja aliyekaa juu akasema, "Dada, umeme wako umeshiba umelala?" Watu wakacheka, hata mgeni mmoja. Mama Shija hakucheka. Akawaita waliokuwa chini wapande juu, akawasha dizeli.

Baadaye ukafungwa utando wa Sada. Feni ikazunguka hadi jua likazama.

Tuliporudi maabara, Daktari Kulwa alichukua maji kidogo kutoka kwenye chupa yangu, akayachemsha katika kisahani cha kioo mpaka yakakauka. Kikabaki kitu cheupe chini. Akasema polepole, "Haya si maji ya maabara."

Ukoko ule niliujua. Niliusugua kila Jumapili kwenye birika langu mwenyewe. Na duniani kote, nje ya maabara ile, mtu niliyemweleza maana yake alikuwa mmoja tu.

Nilimkuta Idrisa jikoni akimkoroga Salma uji. Nikampeleka mtoto kwa jirani kwanza. Sikumuuliza kama ni yeye. Nilimuuliza ni kwa nini.

Alitazama chini. "Ungekwenda usingerudi. Nakujua." Kisha akasema neno ambalo sitalisahau: "Si wewe uliyesema hauonekani?"

Wazee wa pande zote mbili walikaa. Baba yake mdogo akanisihi nivumilie, akasema mwanamume asiyeona wivu hapendi. Nikamwambia, "Shikamoo baba, nakuheshimu, lakini feni iliyosimama ilikuwa inawapa watu pumzi." Niliomba talaka, na baada ya kusumbuana sana nikaipata.

Mnadhani mkasa umeishia hapo? Sehemu ngumu ilikuwa bado.

Sada alipata nafasi. Kabla ya kusafiri kulikuwa na kipimo cha mwisho cha utando wake. Siku hiyo akaenda kufuatilia pasipoti, akaniachia chupa yake. "Dada, nibadilishie maji, nakuamini wewe tu." Nikabaki peke yangu na chupa ile. Bomba la maji ya kisima lilikuwa mbele yangu. Nilimwona Sada akipanda ndege yangu, akikaa kwenye kiti changu, akiitwa kwa cheo changu. Kila alichokijua nilimpa mimi...

Kifuniko kilikuwa tayari mkononi. Nikajisikia nikisema moyoni, hauonekani.

Hapo nikamwona Idrisa. Sikumsamehe, lakini kwa mara ya kwanza nilijua alivyojisikia amesimama mbele ya friji yetu. Wivu haukunijia kama chuki. Ulinijia kama haki yangu. Nikavuta dumu la maji ya maabara, nikajaza chupa ya Sada, nikafunga kwa nguvu, nikakaa sakafuni nikalia.

Utando wangu wenyewe haukufa kabisa. Tuliuchemsha katika tindikali nyepesi, chumvichumvi ikatoka, ukafanya kazi tena. Sasa uko Nyarugusu kwa Mama Shija, unazungusha feni. Nafasi ya masomo haikurudi. Ndoa pia.

Dada zangu, msijipunguze ili mtu mwenye wivu atulie. Kila unachokiacha kwa ajili yake anakiona ni ushahidi kwamba alikuwa sahihi. Na wewe unayeuona wivu ndani yako, kaka au dada, usisubiri mpaka ushike kifuniko. Mwambie mtu. Sema, "Naogopa kuachwa." Idrisa angeniambia maneno hayo mawili tu jikoni pale, ningeweka chupa chini nikamsikiliza.

Wengi wamenishauri niache tabia ya kumweleza mtu kila kitu. Nimejaribu, nimeshindwa. Juzi Salma alichungulia birika akauliza kitu gani kile cheupe. Nikamvutia kigoda, nikamweleza yote, mpaka mwisho.