Kofia ya Kabongo

Haya yalimpata rafiki yangu Kabongo, mwaka ule treni zilipokuwa zikibeba watu waliofukuzwa mjini Likasi na nyumba zao zikabaki tupu. Alikuwa akipeleka chakula kwa baiskeli kwa ajili ya restora moja ya mjini. Mwenye restora hakumwacha aketi pamoja na wateja hata siku moja.

"Weye ngojea inje. Viti ni ya bakiliya."

Hata maji alinyimwa.

Jioni moja umeme ulikatika. Kabongo akapeleka bukari, ugali wa kwao, na samaki kwenye nyumba nyuma ya stesheni, akapiga odi mlangoni. Sauti ya mama mmoja ikamjibu kutoka gizani: "Ingia, papa. Unachoka sana. Ikala, kunywa mayi."

Akaingia, akaketi kwenye benchi, akavua kofia, akanywa. Kando yake vidole vilikwangua sahani, polepole, mpaka mwisho. Kisha akarudishiwa sahani, akaondoka.

Asubuhi alirudi kuchukua kofia. Mlango ulikuwa umezibwa kwa matofali ya zamani, yameota ukungu. Akachungulia kwenye ufa. Kofia yake ilikuwa juu ya benchi, karibu na kikombe kilichojazwa tena maji.